Ukoo wa Asiye na Fuvu

Kenya ina mnyama wa kale aliyepewa jina la nchi yenyewe, na mnyama huyo hana kichwa. Anaitwa Kenyasaurus mariakaniensis. Kiunzi chake kimoja, ambacho ndicho pekee tunachomjulia, kimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kwa namba KNM-MA 1: sehemu za miguu, uti wa mgongo, na mkia mrefu wenye pingili 56. Fuvu halikupatikana. Mwaka 1977, John Harris, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho hayo, na Robert Carroll wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, walimtangaza kwa wanasayansi wenzao katika jarida la Journal of Paleontology. Tangu siku hiyo amekuwa akihamishwa kutoka kundi moja hadi jingine, ingawa mifupa yake ni ile ile.

Angekuwa hai, mtoto yeyote wa hapa Rhonda, mtaa wetu mjini Nakuru, angemwona akipita na kusema amemwona mjusi. Alikuwa na mwili wa chini, miguu iliyotoka ubavuni, na mkia ulioburutika nyuma kwa urefu wa kushangaza. Mijusi tunayo tele. Hujianika asubuhi juu ya kuta za mawe za ploti zetu, na kwenye miamba kuanzia huku hadi Gilgil kuna yule wa Elmenteita, Agama caudospina, mwenye mkia wa miiba. Ukimlaza huyu kando ya yule wa Mariakani, macho yatakuambia ni mjukuu na babu. Lakini macho yamewahi kudanganywa na umbo hili mara nyingi. Kule New Zealand kuna tuatara, ambaye kwa sura ni mjusi kabisa, ana magamba, miguu minne na mkia, na wala si mjusi. Ni mabaki ya ukoo mwingine uliotengana na ukoo wa mijusi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Umbo la mjusi ni la zamani kuliko mijusi wenyewe. Lilivaliwa na wanyama wengi waliopita, wakiwamo ambao vizazi vyao viliishia pengine kabisa au havikufika popote.

Nimewaza sana kuhusu mnyama huyu nikiwa mahali ambapo yeye hangeweza kupatikana. Ardhi ya Nakuru ni changa. Menengai, iliyo juu ya mji wetu, ilitapika majivu yake katika miaka elfu makumi machache tu iliyopita. Ziwa Nakuru, lililo ng'ambo ya ua wa mbuga kutoka mitaa yetu, liliwahi kuungana na Elmenteita likawa ziwa moja kubwa na lenye kina kirefu, na hilo lilikuwa kama miaka elfu kumi iliyopita. Kule Kariandusi, mashoka ya mawe yaliyochimbuliwa na Louis Leakey yalitengenezwa na watu wa kale sana, ila hata wao ni wa jana kwa hesabu hii. Bonde la Ufa lenyewe halijafika miaka milioni 40. Kenyasaurus aliishi miaka milioni 250 hivi iliyopita. Ukichimba Rhonda, utapita majivu, kokoto na mawe ya volkeno hadi uchoke, na hutafika kwake.

Kwake kunafikika kwa barabara. Malori yanayopita Nakuru yakitoka Mombasa kwenda Uganda yamepimwa uzito Mariakani, na huku kwetu madereva na matanboi hulitaja jina hilo kwa sababu ya mizani tu, foleni yake na usiku wanaokesha pale. Hawajui kwamba kipande hicho cha safari kimelala juu ya kitabu kizima cha ardhi. Kuanzia Taru kuelekea pwani, tabaka za mawe zimeinamia upande wa bahari, hivyo kila kituo cha reli ya zamani kimekaa juu ya mawe machanga kuliko kituo kilichotangulia: kwanza mawe ya Taru, ambayo ndiyo makongwe, kisha ya Maji ya Chumvi, kisha ya Mariakani, kisha ya Mazeras. Wanajiolojia wamechukua majina ya vituo hivyo na kuyafanya majina ya nyakati. Dereva anayeteremka kwenda Mombasa anapita juu ya zaidi ya miaka milioni mia moja, na hajabadilisha gia. Mawe ya kule yanafika hata huku bara. Vibamba vile vya rangi ya manjano na hudhurungi ambavyo wenye uwezo huviweka uani na kwenye vijia vyao, wajenzi wanaviita Mazeras kwa ufupi, na hakuna anayeuliza jina hilo limetoka wapi.

Kenyasaurus alitoka katika tabaka za Maji ya Chumvi, karibu na Mariakani. Ni udongo mwembamba na mchanga laini uliotua majini, ukagandamana, ukawa jiwe lenye kurasa. Humo pia wamepatikana samaki. Wakati huo hapakuwa na pwani ya Kenya. Bara lilikuwa moja duniani kote, Madagaska ilikuwa imebanana na ubavu wa Afrika Mashariki, na Bahari ya Hindi ilikuwa haijazaliwa.

Kuna jambo kuhusu tarehe yake ambalo huwa linanisimamisha. Miaka milioni 252 iliyopita, mwishoni mwa enzi ya Permiani, ulitokea msiba mkubwa kuliko yote inayojulikana katika historia ya uhai. Volkeno za Siberia zilimwaga lava na gesi kwa muda mrefu, hewa ikapata joto, bahari zikakosa oksijeni, na sehemu kubwa sana ya spishi za baharini ikatoweka. Nchi kavu nayo ilipoteza wanyama na misitu. Tabaka alimolala Kenyasaurus ni za mwanzo wa enzi ya Triasiki, yaani upande wa pili wa msiba huo. Yeye ni wa kizazi cha walionusurika. Alitembea katika dunia iliyokuwa imepungukiwa, na wazee wa wazee wake walivuka jambo ambalo wengi hawakulivuka. Namheshimu kwa hilo kabla hata sijaambiwa ni wa ukoo gani.

Jamaa zake, au wale waliodhaniwa kuwa jamaa zake, si wa mbali. Mwaka 1924 Sidney Haughton alimpa jina Tangasaurus mennelli, mtambaazi aliyepatikana Mizimuni, Tanga, na mwanajiolojia F. P. Mennell. Mifupa hiyo iko Cape Town hadi leo. Miaka miwili baadaye, Jean Piveteau wa Ufaransa akamtaja Hovasaurus kutoka Madagaska, mnyama ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii. Mkia wake ulikuwa mrefu kupita mwili, umesimama wima na kubanwa pande zote mbili kama kafi, na ndani ya tumbo lake zimekutwa changarawe alizozimeza ili apate uzito wa kuzama. Halafu mwaka 1981 Carroll akamweleza Thadeosaurus, naye wa Madagaska. Mzunguko mzima umekaa ndani ya eneo ambalo, ukiliondolea bahari iliyoingia baadaye, ni ujirani mmoja: Tanga, Mariakani, kusini mwa Madagaska. Bahari ilipokuja iliwatenga wakiwa mawe tayari.

Mwanafunzi wa Carroll, Philip Currie, ambaye baadaye angepata umaarufu kwa dinosaria wa Alberta, ndiye aliyewapangia nyumba. Mwaka 1982 aliwaweka wote katika familia ya Tangasauridae, akaigawa mara mbili: waogeleaji, yaani Tangasaurus na Hovasaurus, upande mmoja, Kenyasaurus na Thadeosaurus upande wa pili, katika kijifamilia alichokiita Kenyasaurinae. Kenyasaurus hana ule mkia wa kafi. Miiba ya mifupa kwenye mgongo wake ni mifupi na mipana. Kwa Currie, huyu alikuwa mtu wa nchi kavu zaidi kuliko binamu zake.

Mpango ulipendeza. Ulikuwa na mantiki, jiografia iliukubali, na nchi yetu ilipata familia ndogo yenye jina lake. Lakini chini yake palikuwa na swali kubwa ambalo lilikuwa halijajibiwa: familia yenyewe ni ya nani?

Watambaazi wengi waliopo leo, yaani mijusi, nyoka, mamba, na pamoja nao ndege, wametokana na wanyama waliokuwa na matundu mawili ya fuvu nyuma ya kila jicho. Kundi hilo huitwa diapsida. Mapema sana liligawanyika njia mbili kuu: moja ikaenda kwa mijusi, nyoka na tuatara, nyingine ikaenda kwa mamba, dinosaria na ndege. Swali kuhusu Kenyasaurus na jamaa zake ni walisimama wapi kwenye njia panda hiyo. Robert Broom, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, alikuwa amemtaja Youngina mwaka 1914 na kuanzisha kundi liitwalo Eosuchia, na kwa miongo kadhaa kundi hilo likawa mahali pa kumweka kila diapsida wa kale ambaye hakuwa na pengine pa kwenda. Harris na Carroll nao walimwita Kenyasaurus mtu wa Eosuchia. Miaka ya 1980, Jacques Gauthier na Michael Benton walipouchora upya mti wa watambaazi, jamaa hawa waliwekwa kwenye njia ya mijusi. Kwa muda basi Mariakani ilikuwa imetupatia mmoja wa ndugu wa wazee wa kila mjusi aliye ukutani. Mwaka 1991 Michel Laurin akawatoa. Alionyesha kwamba walijitenga kabla ya njia panda yenyewe, kwa hiyo wao si wa mijusi wala si wa mamba. Na mwaka 2009, Constanze Bickelmann, Johannes Müller na Robert Reisz, wakichunguza upya mtambaazi mwingine wa Madagaska, walihitimisha kwamba hata wale walioitwa Younginiformes kwa ujumla hawakuwa kundi moja la kweli. Walikuwa mlolongo wa matawi yaliyotoka kwenye shina moja baada ya jingine, wakafungwa pamoja kwa kuwa wanafanana.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Kufanana si undugu, na kosa la kuyachanganya hayo mawili ni rahisi kuliko tunavyofikiri. Wapangaji wote wa ploti moja wanatumia lango moja na bomba moja la maji. Hilo linakuambia wanaishi wapi, halikuambii nani amezaliwa na nani. Vivyo hivyo, mwili wa chini, miguu ya ubavuni, vidole vitano na mkia mrefu ni urithi wa zamani mno uliogawiwa kila mtu. Kuwa nao hakumsogezi mnyama karibu na mwingine. Kinachosogeza ni jambo jipya, badiliko lililotokea mara moja kwa mzazi mmoja na likabaki kwa watoto wake pekee. Uainishaji wa siku hizi unadai mambo mapya, na ndiyo sababu makundi ya zamani yanavunjika. Yalijengwa kwa urithi wa wote.

Sasa mpime Kenyasaurus kwa dai hilo. Sifa inayolipa kundi zima jina lake iko kwenye fuvu, na fuvu hana. Tunaamini alikuwa na matundu mawili nyuma ya jicho kwa sababu miguu yake inafanana na ya wale tunaojua walikuwa nayo. Yale mambo mapya aliyo nayo, yaani pingili 56 za mkia, jozi 28 za mbavu ndogo za mkia, na mfupa wa kifundo cha mguu ulio karibu na umbo la pembetatu, ni yake peke yake. Yanatosha kuthibitisha kwamba yeye si mwingine, na ndiyo maana jina lake limesimama imara tangu 1977. Lakini sifa ambayo unayo peke yako haiwezi kukuunganisha na mtu. Ya kwake inamtambulisha, halafu inamwacha mlangoni.

Mkazi wa Rhonda hawezi kufikiria uainishaji bila kukumbuka Januari 2008. Mtaa huu una watu wa kila lugha ya Kenya. Ndivyo ulivyojengwa, na wafanyakazi, wachuuzi na wapangaji waliofuata kazi mjini. Mwishoni mwa mwezi ule, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoingia Nakuru, Rhonda na Kaptembwo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumizwa zaidi. Mtu alisomwa kwa jina moja kwenye kitambulisho, au kwa jinsi ulimi wake ulivyotamka neno, na kwa alama hiyo moja akapewa upande, akahukumiwa. Siwalinganishi watu na visukuku. Nazungumzia kitendo chenyewe cha kumweka kiumbe mahali pake: kinaweza kufanywa kwa alama moja na haraka, na mtu ambaye hataki kuangalia tena, na kinaweza kufanywa kwa subira, mfupa kwa mfupa, na mtu aliye tayari kuandika kwamba mahali hapa hapajathibitika. Nilipokutana na historia ya Kenyasaurus, kilichonigusa kabla ya ukale wake ni ile subira. Watu wazima wenye elimu kubwa wamemsoma mnyama mmoja kwa karibu nusu karne, na pale ushahidi unapokwisha, wanasimama. Katika michoro ya karibuni ya mti wa watambaazi, yeye na wenzake mara nyingi huning'inia karibu na shina, nje ya makundi yanayoishi. Kwangu huo ni ujuzi uliofanyiwa kazi. Anayesema kwa uhakika kwamba mtu fulani ni wetu au si wetu, huku kichwa chake hajakiona, hajafika hata nusu ya njia hiyo.

Wapo watakaosema kwamba tukipata fuvu mjadala utakwisha. Kenya yenyewe ina ushahidi wa kinyume. Mwaka 1972, Bernard Ngeneo aliokota vipande vya fuvu mashariki mwa Ziwa Turkana, likaunganishwa, likaitwa KNM-ER 1470. Ni kichwa hasa, chenye uso. Hata hivyo umri wake ulibishaniwa kwa miaka, na ukoo wake pia: wengine waliliita Homo habilis, wengine wakalitenga na kuliita Homo rudolfensis. Mfupa wa ziada hauzimi maswali. Unaleta mazuri zaidi.

Ila ziangalie zile namba mbili. ER ni mashariki ya Ziwa Rudolf, kama Turkana ilivyoitwa zamani, na fuvu lile ni la 1470. MA ni Mariakani, na kiunzi chetu ni namba 1. Hapo pameandikwa historia nzima ya mahali tulipopeleka macho yetu. Taifa limejifunza kujivunia mababu wa binadamu, na ni haki. Kazi ya Kamoya Kimeu na wenzake, waliotembea juani Turkana hadi wakampata yule kijana wa Nariokotome mwaka 1984, ni miongoni mwa kazi bora zilizowahi kufanywa na Wakenya katika sayansi yoyote. Lakini binadamu ni sura ya mwisho. Watoto wetu wanamjua Tyrannosaurus wa Marekani kwa jina, wamemvaa kwenye fulana za mitumba kutoka Gikomba hadi soko la hapa mtaani, na hawajawahi kusikia kwamba kuna mtambaazi wa kabla ya dinosaria anayebeba jina la nchi yao. Hilo linanihuzunisha, na ni rahisi kulirekebisha: picha moja na sentensi tatu kwenye kitabu cha darasa la nne zingetosha kuanzia.

Na mawe ya Maji ya Chumvi yapo. Barabara imeyakata, reli ya zamani imeyakata, reli mpya imeyakata tena, na kila siku kuna watu wanaovunja mawe katika ukanda ule kwa nyundo na mitaimbo, wanaozijua kurasa za mwamba huo kwa vidole kuliko profesa yeyote. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayekuta kitu cha namna hii atoe taarifa. Ningependa kwanza aambiwe cha kutafuta. Kichwa kidogo, bapa kidogo, pengine kimebanwa na uzito wa mawe. Nyuma ya jicho, je, yako matundu mawili? Upau wa mfupa chini ya tundu la chini umekamilika, kama kwa Youngina, au umekatika, kama kwa mijusi? Mfupa unaobeba taya umechongeka kwa nyuma ili kushikilia ngoma ya sikio, au hakuna dalili kwamba alisikia hivyo? Meno yamekaa vipi juu ya taya?

Majibu hayo yanaweza kumrudisha kwenye njia ya mijusi. Yanaweza kumthibitisha pale Laurin alipomweka. Yanaweza pia kuonyesha kwamba hakuwa na uhusiano wa karibu na Thadeosaurus, na hapo Kenyasaurinae ya Currie itavunjwa na familia yenye jina letu itatoweka vitabuni, ingawa yeye mwenyewe ataendelea kuitwa Kenyasaurus, kwa kuwa kanuni za majina hazimnyang'anyi mtu jina kwa sababu ya kuhamishwa ukoo. Ningeipokea habari hiyo kwa furaha kubwa. Ingekuwa na maana kwamba kuna mtu aliyeteremka tena hadi Maji ya Chumvi na kuchimba.